Vistari Vitatu

Kazi yangu ni kurudisha magari ya watu wa likizo,
kutoka Faro hadi Porto,
mchanga wa ufukweni ungali kwenye mikeka.
Leo jeupe, kesho jekundu. Sichagui.
Natupiwa ufunguo: "Deolinda, hili."

Kila moja lina kidhibiti-mwendo,
kila moja lina vistari vitatu kwenye dashibodi
vya kupimia nafasi kati yangu na wa mbele,
na kila kiwanda kina maana yake
ya neno nafasi.

La Jumatatu lilikuwa kunguru mwoga.
Liliona lori kwenye njia ya jirani, si yetu,
likakanyaga breki lenyewe, kabla ya Alcácer.
Miwani yangu ikaruka hadi kwenye kioo.
Nilimpungia mkono wa radhi aliyekuwa nyuma.
Hakuutaka. Alipiga honi mpaka Setúbal.

La Jumatano halikuwa na haya.
Kistari kimoja, vitatu, kwake yote mamoja:
lilimganda wa mbele kama kupe
hata nikasoma tangazo la fundi bomba
mgongoni mwa gari lake, namba ya simu na yote.
Alipohama njia, tulichomoka
kama tuliodungwa sindano.

La Alhamisi, la umri kidogo,
lilijua kufuata, halikujua kusimama.
Mwendo ukishuka chini ya thelathini linanawa mikono:
kengele moja ndogo, basi,
shika mwenyewe.
Kwenye foleni ya Coimbra, nikashika mwenyewe.

Na hili la leo, la umeme, lisilo na sauti,
lina adabu kwenye njia iliyonyooka.
Ila kwenye kona humpoteza aliye mbele.
Hudhani barabara imebaki tupu,
huongeza mwendo katikati ya kona,
kisha kona inaisha, linamkuta palepale,
linashtuka kana kwamba ni yeye aliyepotea.

Mfuata nyuki hakosi asali.
Sisi tulikuwa tukifuata lori la nguruwe.

Telmo wa yadi, kijana wa mikono safi, huniambia:
"Jicho ni lile lile, Dona Deolinda.
Tofauti ni aliyelifundisha woga."
Basi njia nzima nilimuwaza mtu huyo,
mezani pake, kikombe kikipoa,
akiamua niogope kwa mita ngapi.

Tangu Amílcar azikwe, mwezi wa tisa sasa,
wanangu nao wananifuata.
Rosalvo hupiga simu kabla sijachemsha maji,
na nikikohoa anauliza jina la daktari.
Idalina anakaa ghorofa ya juu yangu;
akisikia kiti kimesogea, yuko mlangoni.
Wa mwisho yuko Luxembourg, anajenga nyumba za wengine.
Huyo hunipoteza kwenye kona.
Desemba ananikuta palepale, jikoni,
anashtuka: "Mama, mbona umekonda hivi?"

Amílcar hakuwa na vistari.
Alikuwa akiona mti au nguzo, wa mbele akiipita,
anahesabu kwa sauti, moja na nusu, mbili na nusu,
miaka thelathini na minne, hata redio ikiimba,
hata tukiwa tumenuniana.
Nilikuwa nikimwambia ananyamazisha safari.

Baada ya Mealhada nilizima kile kidude.
Gari likalegea chini ya mguu wangu, zito, la kweli.
Lori likapita bango la bluu.
Moja na nusu.
Nilihesabu kwa sauti, peke yangu,
na sikuona aibu.

Yadini, kwenye fomu, penye neno "kasoro",
niliandika: hupoteza wa mbele kwenye kona.
Telmo akasoma, akacheka kwa upole.
"Hiyo si kasoro, Dona. Ndivyo yalivyo."
Nikafuta.

Nikaenda hadi getini, nikarudi,
nikaomba kalamu,
nikaandika tena.